Njule Aliyetukatia Njia

Mpaka leo sina hamu na ndege kurumbiza. Watu humsifu kwa sauti yake tamu, nami sikatai, anaimba. Lakini ninayemheshimu tangu utotoni ni njule, yule mnyama mdogo wa msitu wa Pugu mwenye pua ndefu na miguu myembamba. Kutwa anachakura majani makavu akitafuta wadudu, wala hutamsikia akijitangaza.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Shule ya wasichana kule Temeke ilikuwa inaandikisha wanafunzi asubuhi moja tu, na baba alikwisha sema: nikikosa nafasi safari hii, nakaa ndani nisubiri posa. Nilikuwa tayari kwenda hata kwa magoti. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyekubali kunisindikiza.

Tulipotoka nyumbani kurumbiza aliimba upande wa kulia. Bibi akafurahi, maana kwetu hiyo ni heri ya safari.

"Umesikia, mke mwenza?" akaniambia, maana ndivyo alivyozoea kuniita kwa utani wa bibi na mjukuu. "Shule umeshaipata."

Hatujafika mbali, njule akachomoka kichakani, akakata njia mbele yetu, akazama upande wa pili. Bibi akasimama kama aliyekanyaga mwiba. Kwetu mnyama akikukatia njia unarudi nyumbani, safari unaianza upya kesho yake.

"Turudi," akasema.

"Kesho hawaandikishi, bibi."

"Nuksi haijui shule. Geuka!"

Akanishika mkono. Nikauchomoa, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mtu mzima yeyote. Hasira zilinipanda mpaka machozi yakanitoka. Bibi nilimwogopa sana, lakini kukaa ndani nilikuogopa zaidi.

"Bibi, kurumbiza kaimba juu ya mti, kashiba, hana anakokwenda. Njule ana safari yake. Na sie tumemkatia njia, tena sie wakubwa, tungeweza kumkanyaga. Mbona yeye hakurudi?"

Bibi akautazama upande aliozamia njule. Alisikika kwa mbali, ameshaanza kuchakura majani. Nilijua kofi linakuja, nikakaza shingo nilipokee. Bibi akajifunga upya kanga yake kiunoni, akanipita, akatangulia mbele.

"Haya, tembea, mke mwenza," akasema bila kugeuka. "Mwenzio keshafika."