Ekseli ya Nne ya Nereida

Nereida Candelario, msusi wa Salinas, Puerto Rico, alivunja ekseli, chuma kinachozungusha magurudumu, Jumapili tatu mfululizo. Kila mara gari lake dogo, linalovutwa na magurudumu ya mbele, lilipoondoka kwenye mstari wa kuanzia mbio za magari, matairi yalirukaruka kama yanapita juu ya mawe, kisha "ka!" Alinunua ekseli nene zaidi, nazo zikakatika. Mumewe, Efraín, akamwambia ikivunjika ya nne, gari linauzwa, na mnunuzi anaye.

"Bibie, nikuletee kamba ya kukuvuta mapema?" alimtania Chago, mpinzani wake.

"Lete, ujifunge mdomo."

Alhamisi alimkalisha Efraín kwenye usukani, akafungua boneti. "Kanyaga breki, achia klachi kidogo." Injini iliinuka kiganja kizima, ikaanguka. Hapo Nereida akaelewa kwamba ekseli haikuwa mgonjwa. Raba zinazoshikilia injini zilikuwa laini. Injini ikicheza, matairi yanashika na kuachia, na kila pigo linaishia kwenye ekseli. Akafunga raba ngumu, akaongeza fito mbili za chuma za kuzuia magurudumu yasicheze mbele na nyuma, akapunguza upepo wa matairi.

Jumapili gari liliondoka limenyooka, likitetemeka hadi meno ya Nereida yakagongana. Chago alimtangulia kufika mwisho kwa urefu wa boneti.

"Umeshindwa, mke wangu," alisema Efraín.

"Nimefika kwa magurudumu yangu, ekseli nzima. Mwambie mnunuzi wako atafute gari jingine."