Utaweka Nini Ndani?

Mwanangu, siku ile naikumbuka vizuri, maana tuliianza kwa kulia tukaimaliza kwa kucheka. Ilikuwa wakati wa vita. Barabara ya kusini ilikuwa haipitiki, na habari za Kigoma zilitufikia Rumonge kwa redio ya misheni, tuliyoiita foni. Mimi ndiye niliyekuwa nikiipokea.

Mzee Yohana wa Kigoma alimwagiza mjomba wangu, seremala na rafiki yake wa zamani: "Anitengenezee sanduku la binti yangu Neema. Zuri kabisa. Lifike kabla ya Jumamosi." Sauti ikakatika.

Mjomba alipousikia ujumbe alikaa chini kwenye maranda, akalia. Kwetu sisi wenye asili ya Kongo, sanduku ni lile la kuzikia. Na Neema huyo, mjomba mwenyewe alimbeba mgongoni akiwa mchanga! Akachagua mbao zake bora, akaanza kupima urefu wa mtu.

"Mjomba, nimuulize mzee Neema alikuwa anaumwa nini?"

"We mutoto! Mutu akifiwa hatumuulizagi maswali. Iko na uchungu."

Lakini moyo haukutulia. Ndiyo kwanza Jumatatu; maiti gani inasubiri Jumamosi? Nikarudi kwenye foni. Kutaja kifo sikuthubutu, nikauliza tu: "Mzee, mutaweka nini ndani?"

"Vitenge, mashuka, na sufuria za mama yake!" akajibu kwa furaha. "Anaolewa Jumamosi! Mwambie fundi aweke na kufuli, mawifi wasichungulie."

Nilikimbia mpaka nikapoteza kandambili moja. Mjomba alikwisha pigilia msalaba kwenye kifuniko. Nilipomweleza akalia tena, safari hii akicheka, akaung'oa, akalifupisha sanduku na kulitia kufuli, na matundu ya misumari akayafunika kwa ua la mbao. Ijumaa sanduku likaenda Kigoma kwa mashua. Neema analo mpaka leo, na hajui ua lile linaficha nini.

Sasa wewe unatengeneza programu za kompyuta kwa watu wa mbali, mnaonana kwenye kioo tu. Wakikwambia "tunataka mfumo," usikimbilie msumeno. Waulize wataweka nini ndani na nani atafungua. Kisha warudishie kwa maneno yako ulichoelewa, mpaka waseme ndiyo, ni hicho. Usione haya. Heshima ya kunyamaza ilitaka kumpelekea bibi harusi jeneza.

Mungu akupe masikio mapana, mwanangu. Na kila sanduku utakalotengeneza, liwe la harusi.