Kipimo cha Bibi Sanamu

Kazini walimwita Sanamu, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Katika chumba chenye zulia la bluu, ambamo watafiti walichunguza jinsi akili za watoto wadogo zinavyokua, yeye ndiye aliyekaa sakafuni na kuwapima. Alipanga mpira, kijiko na kikombe mbele ya mtoto, akasema, "Nipe kijiko," kisha akawa kama hayupo. Hakutabasamu, hakutupa jicho. Mtoto mdogo ni mjanja, husoma uso wa mtu mzima akapata jibu la bure. Ndiyo maana hata mzazi aliyempakata mtoto wakati wa kipimo alifungwa kitambaa machoni. Wasaidizi wapya walichemsha kila mara, wakaangalia kijiko bila kujijua. Sanamu hakuwahi kukosea, na alihakikisha kila mtu analijua hilo.

Basi binti yake alipopata wasiwasi, hakuhangaika kwenda mbali.

"Mama, mbona mtoto hageuki nikimwita? Na maneno bado kabisa."

"Mkaidi tu huyo, amekurithi wewe. Ngoja nimpime."

Alimpima nyumbani, mkekani. "Mpe bibi kijiko." Mjukuu akamtazama usoni, akatoa kijiko. "Mpe bibi kikombe." Akatoa kikombe. Bibi akamnyanyua juu kwa furaha. "Mwanangu, lala usingizi wako. Huyu anasikia vizuri, tena ana akili kama mchwa!"

Binti akalala usingizi wake. Kila wasiwasi uliporudi, kipimo kilirudiwa, mtoto akafaulu, na mwaka ukapita, ukaja mwingine.

Hatimaye Sanamu alimpeleka mjukuu kazini, si kwa hofu bali kwa majivuno. Watoto wa umri wake walikuwa wakitafutwa kwa utafiti, naye alitaka kuwatambia wenzake. Alimpakata mwenyewe, akafungwa kitambaa, na mwenzake akakaa sakafuni.

"Nipe kijiko," mwenzake akasema.

Mtoto hakusogea.

"Nipe kijiko."

Sanamu akahisi mtoto anageuka mapajani mwake. Vidole vidogo vikashika kitambaa, vikakivuta chini. Mjukuu akamkazia macho, akisubiri. Na macho ya bibi, yale yasiyowahi kukosea, yakaenda yenyewe kwenye kijiko. Aliyahisi yakienda, akashindwa kuyazuia. Mtoto akakichukua, akampa, akacheka.

Mwenzake akainuka. Alizunguka nyuma ya mtoto, akapiga makofi kwa nguvu. Mtoto hakushtuka.

Sanamu alilia palepale zuliani, mbele ya watu waliodhani hana machozi. Alijua vizuri kwamba ubongo wa mtoto huijenga lugha mapema, iwe ya sauti au ya ishara za mikono, na mjukuu wake alikuwa amekaa muda wote ule bila hata moja. Angeweza kusaidiwa bado, ndiyo. Lakini miaka ile ilikuwa imekwenda, na aliyeipoteza ni yeye, kwa kumpenda na kwa kujiamini kupita kiasi.

Binti alikuwa anaanua nguo waliporudi. "Enhe, kawashinda wenzake?"

"Mwanangu, kaa kwanza." Sanamu akamshusha mtoto. "Hasikii. Nilikuwa namwonyesha kwa macho, wala sikujua. Hajawahi kukusikia."

Binti alikaa juu ya nguo zilezile safi, akamvuta mtoto kifuani.

"Na nyimbo ninazomwimbia akilala?" akauliza.