Sale la Profesa Ndelilio

Hesabu haikumtajirisha Profesa Ndelilio, na watu wa Mwika hawakumficha hilo. Walimuuliza, kwa shikamoo zao zote, ilikuwaje mtu afundishe hesabu miaka thelathini chuo kikuu Dar es Salaam, halafu arudi kwenye kihamba, shamba la migomba la baba yake, na begi la makaratasi. Alikuwa akitafiti nukta na njia zinazoziunganisha: ni lini unaweza kuzipita zote bila kurudia hata moja. Akieleza, waliitikia kwa adabu, kisha wakamuuliza habari za migomba. Mkewe Eunike, aliyemsikiliza hata asipoelewa, alikuwa ameshafariki. Upweke ulimkaba, nami sioni haya kusema kwamba alijitakia mwenyewe.

Maana aliyeelewa alikuwepo. Mwaka 1987 mwanafunzi wake Remigius alisimama darasani akasema hatua ya nane ya uthibitisho wa Profesa ina pengo. Profesa akamkejeli mpaka darasa zima likacheka. Remigius akaacha masomo, na kwa kuwa biashara zilikuwa zimeanza kuachiwa huru, akafungua duka la vipuri Bomang'ombe.

Miaka kumi na mmoja baadaye, akiupitia upya uthibitisho ule, Profesa aliliona pengo. Alijaribu kuliziba masika yote, akashindwa. Alimhitaji Remigius, hapakuwa na mwingine.

Basi akakata jani la sale mpakani mwa kihamba. Uchaggani ukiletewa sale huna budi kusamehe, hata kosa liwe kubwa namna gani. Mzee akaamini, kwa ule ujinga wa wasomi, kwamba jani hilo hurudisha na kilichopotea.

Alipofika nalo dukani Bomang'ombe, Remigius alimwamkia, akamfutia kiti vumbi, akalipokea sale kwa mikono miwili. Profesa, machozi yakimlenga, akatandaza makaratasi juu ya kaunta na kumwonyesha hatua ya nane. Remigius akaitazama kwa muda mrefu.

"Nimekusamehe, Mwalimu, na sina kinyongo," alisema. "Lakini haya siyasomi tena. Yalikuwa yakininyima raha, nikajilazimisha kuyasahau. Ilinichukua miaka mitatu."

Mteja akaingia kuulizia bomba la breki. Remigius akayakusanya makaratasi taratibu, akayapanga kwa namba za kurasa asikosee hata moja, akamrudishia mwenyewe.