Punje ya Transista ya Mwanapili

Mwaka wa 1958, redio ikiharibika Msambweni haikupelekwa Mombasa. Ilipelekwa kwa Mwanapili, mjane aliyeachiwa na mumewe sanduku la vifaa, akajifundisha ufundi mwenyewe kwa vitabu vya Kiingereza na kamusi iliyochakaa. Wanaume waliomcheka mwanzoni sasa walipanga foleni mlangoni kwake, na walistahili kungojeshwa.

Asubuhi moja Bi Mishi, jirani yake, aliingia amekumbatia kitu ndani ya kanga.

"Shikamoo, mama," Mwanapili alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimeiua zawadi ya Tembo, naye yuaja Ijumaa!"

Tembo, mwanawe wa pekee, alikuwa baharia. Alikuwa amemletea mamake redio ndogo ya transista, ya kwanza kuonekana mtaani. Redio kubwa walizozizoea zilikuwa na taa za kioo ndani, na hazikusema mpaka zipate moto. Hii ilikuwa baridi, basi Bi Mishi akaiweka kando ya jiko ipate joto. Ilikoroma, ikanyamaza.

Mwanapili aliifungua, akamwonyesha vidude sita vidogo kama kunde, ndizo transista zenyewe.

"Kila kimoja kina kijiwe ndani, na humo umeme hupita kwa chembe ndogo mno. Umemwona mgema akipanda mnazi? Hukanyaga kwenye vipandio tu, katikati hapana pa kusimama. Chembe nazo zina vipandio vyao. Zikipewa nguvu kwa mpango, zinatutumikia. Kijiwe kikipata moto, zinapanda ovyo, hata zisizoitwa."

"Nani aliyeziona?"

"Hakuna, mama. Zimejulikana kwa hesabu na kwa kazi yao. Hata mimi sijaelewa yote."

Alipima. Tano zilikuwa nzima, moja imekufa. Mwanapili akatoa sandukuni transista yake ya pekee, aliyoingojea miezi mitano ili aanze kuunda redio yake mwenyewe. Roho ilimuuma, hakuficha. Kisha akaichomea kwa risasi mahali pake, ameubana mguu wa waya wa transista kwa koleo ili joto liishie kwenye chuma. Redio ikasema. Bi Mishi akalia kwa furaha.

Ijumaa Tembo alipofika, mamake alimweleza yote kabla hata ya kumpakulia chakula: jiko, mgema na ile punje ya pekee aliyoitoa Mwanapili. Tembo akaichukua redio, akaenda nayo kwa Mwanapili.

"Mama anasema ikae kwako, badala ya ile uliyotaka kuunda," alisema. "Atakuwa akija kuisikiliza. Na kama huna neno, anaomba umfundishe hizo chembe."