Salamu za Mwalimu Kabla ya Fainali

Simu ya hospitali ilimfikia dada wa Mwalimu nje ya ukumbi, dakika kumi kabla wanafunzi hawajaingia fainali ya mdahalo. Kaka yake, mwalimu aliyewanoa wanafunzi wale miaka sita, amefariki. Kabla ya kila raundi alikuwa akiwatumia neno kutoka kitandani. Dada mtu akafuta machozi, akarudi ukumbini.

“Shangazi, Mwalimu anasemaje leo?” nahodha akauliza. “Bado naongea kama redio mbovu?”

“Anasema usikimbize maneno, mwanangu. Anawasikiliza.”

Walishinda. Tangu hapo, kila shangazi akipiga magoti kusali, sauti inayomjia ni yake mwenyewe: anawasikiliza.

Siku ya mazishi nahodha, aliyekwisha kujua saa ya kifo, alitupa udongo kaburini, akampita shangazi bila kumwamkia. Sala ikasomwa, watu wakatawanyika.