Picha Iliyokwenda Lukafu

Nimeitwa mambo mengi maishani, na mengine nilistahili. Nimeitwa mkali. Nimeitwa mdomo mrefu. Lakini kuitwa mwanamke anayejichubua, mimi ambaye tangu nizaliwe ngozi hii haijaguswa ila na sabuni na mafuta ya mbegu za mchikichi ya mama yangu, hilo sijalisamehe mpaka leo, na kichwa changu kimekwisha kujaa mvi.

Ilikuwa zamani za Zaire, miaka ile wanaume walipoacha tai wakavaa koti la abakosti. Tulikaa Lubumbashi, mtaa unaoitwa Kenya, mama yangu na mimi, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo baba, fundi cherehani mtu wa Maniema, alituachia alipofariki. Mchumba wangu alifanya kazi kwenye tanuru za shaba. Kwa miaka miwili alipita kwetu kila jioni akitoka kazini. Alikaa kwenye kiti kile kile, akala bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo ya mama yangu, akanitazama. Naomba msomaji asisahau: miaka miwili, kila jioni, taa inawaka.

Wazazi wake walikuwa wamekufa. Aliyemlea ni shangazi yake, mkulima wa Lukafu, na kwao mahari haitoki kabla shangazi hajamwona msichana. Sasa mvua zilikuwa zimeharibu barabara na mahindi yalitaka palizi, kwa hiyo shangazi akaagiza apelekewe picha kwanza. Picha nzima, alisema, siyo kichwa tu. Alitaka aone na miguu.

Mchumba wangu alifurahi sana, maana alikuwa amenunua kamera. Aliipata kwa mhandisi mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa ndogo, inaingia mfukoni, na flashi yake ilikuwa ndani kwa ndani: unabonyeza kitufe, inachomoka juu na kuanza kulia kama mbu. Juu ya jicho la kamera kulikuwa na alama tatu za kuchagua, kichwa kimoja, watu wawili wamesimama, na mlima. Kitabu cha maelezo kilikuwepo, lakini kwa Kiholanzi. Yeye akasema kitabu ni cha watu wasio na akili.

Jumapili hiyo mvua ilinyesha, tukapiga picha ndani. Mama alinipaka mafuta usoni mpaka nikang'aa, kwa sababu kwetu hakuna mtu anayepigwa picha na uso mkavu. Uso mkavu ni uso wa njaa, unaaibisha nyumba. Nikakaa kwenye kiti nyuma ya meza ya sebuleni, isiyo na kitambaa ili miguu ionekane, mikono nimeiweka mapajani, chini ya kivuli cha meza. Yeye akajibana mgongo kwenye kabati, na kati yetu hapakuwa hata na hatua mbili.

Akageuza ile alama mpaka kwenye mlima.

"Juu ya nini mulima?" nikamwuliza sababu. "Mulima iko wapi humu?"

"Kichwa kimoja itakukata," akasema. "Shangazi anataka akuone muzima. Mulima njo inaingiza kila kintu. Inama kidogo, leta kichwa huku."

Nikainama. Flashi ikapiga, nikaona nyota kwa muda mrefu.

Picha ziliposafishwa mjini, hakunionyesha kwanza. Lori la Lukafu lilikuwa linaondoka asubuhi hiyo, akampa dereva moja, na jioni akaniletea nakala yake pamoja na filimu yenyewe. Nikaitazama picha. Kulikuwa na macho mawili na mdomo, na katikati hapakuwa na pua. Uso ulikuwa mweupe kama unga wa muhogo. Ila mikono, kule chini ya meza, ilikuwa myeusi kuliko ilivyo.

"Huyu ni nani?" nikasema.

"Ni wewe. Uko mweupe, uko muzuri."

Nilitaka kumjibu kwa ukali, mama akanikonyeza. Nikanyamaza. Ni moja kati ya mara chache nilizonyamaza, na najuta.

Kila mtu wa Lubumbashi wa miaka ile anajua walivyochekwa wanawake wa krimu: uso wa soda ya machungwa, mikono ya soda nyeusi. Krimu inafaulu usoni, inashindwa kwenye viungo vya vidole. Na mimi nilikuwa nimepelekwa Lukafu hivyo hivyo, uso machungwa, vidole vyeusi, kwa mama mkulima ambaye hajaniona hata siku moja.

Baada ya wiki mbili dereva alirudi na barua, mwalimu wa kule ameiandika kwa niaba yake. Mchumba wangu aliisoma amesimama mlangoni. "Mutoto wangu, huyu mwanamuke anajichubua. Angalia mikono. Ngozi ya namna ile, siku ya kuzaa wakimupasua, uzi haushike. Sitaleta bantu kwa kuposa."

Akakunja barua. Hakukaa kwenye kiti chake. Akaniangalia usoni, taa inawaka, akasema polepole, "Uniambie kweli. Haujipake kintu?"

Sijui nieleze vipi. Kama angenipiga ningejua la kufanya, ningepiga na mimi. Mama ndiye aliyejibu, akiwa anasonga bukari, hata hakugeuka.

"Mwenye macho haambiwi tazama, mutoto wangu. Kula ao enda."

Akaenda. Nami nikaapa kwamba nitajua kilichoniosha uso, hata ikibidi niifungue kamera ile kwa kisu.

Nilianza kwenye duka la picha la mjini. Kijana wa pale, amevaa saa kubwa, aliishika picha kwa ncha za vidole. "Citoyenne," akaniambia, maana sote tuliitwa wananchi siku zile, "mashini haikosee." Maana yake mimi ndiye niliyekosea, kwa kuwa na uso. Nikamwambia basi mashini yenu imekula pua yangu, nipeni pua yangu. Akamwita mteja mwingine.

Nikarudi mtaani kwetu kwa mzee mmoja wa Maniema aliyepiga picha za ndoa ya wazazi wangu. Alikuwa bado na chumba chake cha giza nyuma ya nyumba, na vidole vyake vilikuwa vya kahawia kwa sababu ya dawa. Hakuitazama picha kabisa. Aliomba negatifu, yaani ile filimu iliyosafishwa, akaiinua dirishani.

"Ona uso hapa," akasema. "Iko mweusi kama makala ya kupikia. Mu negatifu, kile kiko mweusi ni mwangaza mwingi. Haina wewe, binti. Ni mwangaza."

Kisha akanieleza, na nilimwelewa kuliko nilivyowahi kumwelewa mwalimu yeyote. Flashi ni kama beseni la maji unalomwaga: aliye karibu analowa, aliye mbali anapata matone. Zile alama haziambii kamera iingize nini, zinaiambia mtu yuko mbali kiasi gani. Ukiweka mlima, kamera inafungua jicho lake lote, inadhani inamulika kule kwenye vilima. Na mbele yake kumbe kuna msichana, hatua mbili, amepakwa mafuta yanayorudisha mwanga kama kioo. Mikono ilikuwa kivulini na haikupakwa chochote, ndiyo maana ilipona.

"Nani alipiga?" akauliza.

"Mwenye kunishitaki," nikasema. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Nikamwambia mchumba wangu aniachie kamera. Aliiacha, nadhani kwa aibu. Nikapiga filimu nzima kwa mama yangu, kiti kile kile, meza ile ile. Kwanza na mafuta na mlima. Halafu na mafuta na kichwa kimoja. Halafu nikamfuta uso kwa kitambaa, na hapo tuligombana kweli kweli.

"Unanifuta mafuta? Bantu banione mukavu?"

"Mama, hakuna atakayeona."

"Foto njo inaonaka."

Nikarudi nyuma mpaka nje ya mlango, nikapiga kutoka barazani. Kila picha niliiandika kwenye karatasi, alama gani, hatua ngapi, mafuta au hapana. Zilipotoka nilizipanga mezani na jambo lilikuwa wazi, hata mbuzi angelielewa. Penye mlima, mama yangu alikuwa mzungu. Penye kichwa kimoja, hatua tatu, uso umefutwa, alikuwa mama yangu, mpaka kovu dogo la kidevuni.

Ningeweza kumpelekea karatasi ile yaishe. Sikutaka yaishe hivyo. Nilikuwa na hasira bado.

Jumapili iliyofuata nikamwalika. Nikamkalisha kwenye kiti changu, mikono chini ya meza. Nikampaka mafuta mwenyewe, kwa upole kabisa, mpaka paji la uso likawaka. Nikajibana kwenye kabati, alama kwenye mlima. "Inama kidogo," nikasema, "leta kichwa huku." Halafu nikamfuta, nikaenda mlangoni, nikageuza alama, nikapiga ya pili.

Picha ziliposafishwa nilimwita tena, nikamwekea zote mbili mezani, kando ya sahani. Katika ya kwanza mfanyakazi wa tanuru, mweusi wa haki, alikuwa mweupe kama kuta za kanisa, na mikono yake myeusi chini.

"Sasa wewe," nikasema, "unajipakaka nini?"

Alichukua ya kwanza, ya pili, akarudi kwenye ya kwanza. Kisha akacheka, akapiga goti lake kwa kiganja, na akasema kwa furaha ya kweli, "Sasa nimeamini! Nitazituma zote kwa shangazi."

Sasa, kwa picha, siyo kwa macho yake. Nilichukua sahani nikaipeleka jikoni, nikasimama kule bila kazi. Nilikuwa nimeshinda, na mdomoni sikusikia utamu wowote.

Shangazi hakujibu kwa barua. Barabara ilipokauka alikuja mwenyewe juu ya magunia ya mahindi, mwanamke mfupi, kitenge kimejaa vumbi, kuku wawili mkononi. Mpwa wake alikuwa kazini bado. Nilipiga magoti kumsalimu. Alishika mikono yangu, akageuza vidole kimoja kimoja kama mtu anayechagua mbegu, halafu akanishika uso kwa viganja vyote viwili, vigumu kwa jembe.

"Unisamehe, mutoto," akasema. "Nilikutukana."

"Haukukuwa unanijua, mama."

"Njo vile. Mi nilikuwa na karatasi tu." Akatazama kile kiti kando ya meza, ambacho mama alikuwa amemwambia ni cha nani. "Na ye alikuwa na nini?"

Mama alikwenda kuchinja kuku mmoja, tukala sisi watatu, na tulizungumza habari za mahindi. Nilimpenda sana yule mama, na ningefurahi kuwa mtoto wake.

Mchumba wangu alipofika jioni, mlango ulikuwa umefungwa, na kiti chake kilikuwa nje barazani, juu yake kamera. Nilikuwa nimeifuta vumbi na kuirudishia alama yake kwenye kichwa kimoja.